Kufuli Si Hukumu: Somo Juu ya Haki za Mpangaji Anayefungiwa Mlango

Vyama vingi vya ushirika nchini Kenya hufanya kazi zao katika majengo ya watu wengine. Chama cha maziwa hupanga chumba mjini cha kuuzia maziwa. Chama cha kahawa hupanga duka la mbolea na dawa za mimea. Chama cha akiba na mikopo hupanga ofisi ghorofani. Wanachama nao, hasa wale wafanyao kazi mijini, ni wapangaji katika nyumba za kulala. Kwa hiyo, siku mwenye jengo anapoamua kutia kufuli lake mlangoni, hasara haimpati meneja peke yake. Maziwa yaliyokusanywa alfajiri huchacha. Mbolea ya msimu hubaki imefungiwa ndani ilhali mvua imekwisha kunyesha. Vitabu vya hesabu, ambavyo ni mali ya wanachama wote, huwa mikononi mwa mtu asiye na haki ya kuvishika.

Lenye kusikitisha zaidi ni kwamba chama huweza kuondoka bila kudai lolote. Halmashauri hukutana, husema kwamba jengo ni la mwenyewe na mwenyewe amekwisha amua, kisha hutafuta chumba kingine mahali pabaya zaidi na kwa kodi kubwa zaidi. Makusudi ya somo hili ni kuonyesha kwamba fikira hiyo si sahihi, kueleza sheria inamlindaje mpangaji, na kutaja mambo ambayo halmashauri yapasa kuyatenda kabla ya kufungiwa na baada yake.

KANUNI YA KWANZA

Ni kweli kwamba jengo ni la mwenyewe. Lakini mwenye jengo anapolipangisha, huuza kwa muda haki ya kulitumia, na bei yake ndiyo kodi. Muda huo wote mpangaji ndiye mwenye haki ya kukaa ndani. Haki hiyo haimtoki kwa sababu mwenye jengo amekasirika, au amepata mtu wa kulipa zaidi, au hata kwa sababu anadai kodi. Humtoka kwa njia mbili tu: ama mpangaji mwenyewe akubali kutoka, ama mahakama au baraza lenye mamlaka litoe amri ya kumtoa.

Kanuni hiyo ilielezwa waziwazi mwaka 1996, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilipoamua shauri kati ya Gusii Mwalimu Investment, mwenye jengo, na Mwalimu Hotel Kisii, mpangaji. Mahakama ilikataa kwamba mwenye jengo aweza kuingia tu na kujitwalia jengo lililopangishwa. Ilionya kwamba jambo hilo likiruhusiwa, sheria ya msituni ndiyo itakayotawala. Asiyepata ridhaa ya mpangaji hana budi kwenda kutafuta amri. Maneno hayo yafaa kujulikana na kila katibu wa chama, maana hayabagui kati ya hoteli kubwa na kibanda cha maziwa.

Basi kufuli si hukumu. Kuondoa mabati ya paa, kung'oa mlango, kukata maji au umeme, kutoa vyombo nje na kuweka walinzi langoni, hayo yote ni njia mbalimbali za kumtoa mpangaji bila amri.

UPANGAJI UPO WA AINA NYINGI

Kabla ya kudai haki, hapana budi kujua ni sheria ipi inayomhusu mpangaji. Nchini Kenya kuna milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni wa maduka, hoteli na nyumba za kuuzia vyakula. Hizi zina sheria yake ya mwaka 1965, ambayo ni Sura ya 301 ya Sheria za Kenya. Duka katika sheria hiyo ni jengo linalotumiwa lote, au kwa sehemu kubwa, kwa biashara ya rejareja au ya jumla, au kwa kutoa huduma kwa malipo. Upangaji hulindwa na sheria hii ukiwa haukuandikwa. Au ukiwa umeandikwa kwa muda usiozidi miaka 5. Au ukiwa umeandikwa lakini una kifungu cha kuukatiza, kwa sababu isiyo uvunjaji wa masharti, ndani ya miaka 5 tangu uanze. Yafaa jambo hili litiliwe mkazo, kwa kuwa wako wanaodhani kwamba mpangaji asiye na mkataba wa maandishi hana haki. Katika biashara, kinyume chake ndicho kilicho kweli: asiye na maandishi ndiye anayelindwa hasa. Mashauri yake husikilizwa na Baraza la Kodi ya Majengo ya Biashara. Hata hivyo, upangaji ambao Serikali au mamlaka ya mji ni mshiriki wake haumo katika ulinzi huo. Chama kilichopanga duka la namna hiyo yafaa kitafute shauri la wakili mapema.

Mlango wa pili ni wa nyumba za kulala za kodi ndogo. Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya mwaka 1959, yaani Sura ya 296, inalinda nyumba ambazo kodi yake ya kawaida kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Zina baraza lake la kusikiliza mashauri. Baraza halitoi amri ya kumtoa mpangaji mpaka litosheke kwamba sababu iliyotajwa ni miongoni mwa zile zilizomo katika sheria, na kwamba ni jambo la haki kufanya hivyo. Amtoaye mpangaji bila idhini, au amsumbuaye kwa makusudi ili atoke au alipe kodi kubwa zaidi, hutenda kosa la jinai.

Mlango wa tatu ni wa upangaji mwingine wote: nyumba ya kodi kubwa kuliko hiyo, au ofisi iliyopangwa kwa mkataba wa miaka mingi. Hapo inatumika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 pamoja na mkataba wenyewe. Sheria hiyo inahesabu kwamba kila mwenye jengo ameahidi, hata kama hakuandika, kumwacha mpangaji atimizaye masharti akae kwa amani bila kusumbuliwa. Upangaji wa mwezi hadi mwezi hukatizwa kwa ilani isiyopungua kipindi kimoja cha kodi. Mpangaji aliyevunja sharti hupewa kwanza ilani ya maandishi inayotaja kosa lake. Naye aliyefukuzwa kinyume cha masharti huondolewa, tangu saa hiyo, wajibu wa kulipa kodi ya mahali alipofukuzwa.

Kwa kuwa shughuli nyingi za vyama mijini ni za duka, sehemu zifuatazo zinahusu zaidi mlango wa kwanza.

ILANI NA HESABU YA SIKU

Mwenye jengo anayetaka kumaliza upangaji wa duka unaolindwa hana budi kutoa ilani kwa fomu iliyowekwa na sheria. Barua ya kawaida haitoshi, wala ujumbe wa simu, wala maneno ya mdomo ya msimamizi wa jengo. Ilani ni lazima itaje sababu. Nayo haianzi kufanya kazi mpaka ipite miezi isiyopungua 2 tangu mpangaji alipoipokea. Ilani ya namna hiyohiyo hutakiwa mwenye jengo anapotaka kupandisha kodi, au kubadilisha sharti lolote, haki au huduma kwa hasara ya mpangaji. Kwa hiyo, akataye maji ya duka ili mpangaji achoke na kuhama amevunja sheria mara mbili: hakutoa ilani, wala hakupata amri.

Mpangaji naye ana wajibu wake, na hapa ndipo vyama huweza kujidhuru vyenyewe. Apokeapo ilani, yampasa kumjibu mwenye jengo kwa maandishi ndani ya mwezi 1 akisema kama anakubali au anakataa. Akikataa, yampasa kupeleka shauri kwa Baraza kabla ya tarehe iliyotajwa katika ilani. Akiisha kupeleka shauri, ilani hiyo husimama; haina nguvu mpaka Baraza liamue. Lakini mpangaji asiyejibu wala kwenda Barazani, ilani humfunga siku yake ifikapo, nayo haki yake hupotea kwa sababu ya kunyamaza tu.

Chukuliwe mfano wa chama ambacho karani wake anapokea ilani tarehe 10 Machi. Jibu kwa mwenye jengo litoke kabla ya tarehe 10 Aprili. Ilani haiwezi kufanya kazi kabla ya tarehe 10 Mei, na shauri ni lazima liwe limefika Barazani kabla ya siku iliyoandikwa. Ikiwa karani ataiweka karatasi hiyo mezani akingojea mkutano wa halmashauri wa mwezi Juni, mkutano huo utajadili jambo lililokwisha. Kwa sababu hiyo yafaa kila chama kiwe na kanuni kwamba karatasi yoyote itokayo kwa mwenye jengo igongwe mhuri wa tarehe na kufikishwa kwa mwenyekiti na katibu siku iyo hiyo.

SABABU ZINAZOKUBALIWA

Sheria haimfungi mwenye jengo daima. Inamtaka tu aonyeshe sababu iliyomo katika orodha yake. Miongoni mwa sababu hizo ni: mpangaji ameliacha jengo liharibike ilhali matengenezo ni wajibu wake, kodi haijalipwa kwa miezi 2 tangu siku iliyostahili, au hucheleweshwa mara kwa mara, amevunja masharti mengine kwa kiasi kikubwa, mwenye jengo anakusudia kulibomoa au kulijenga upya na hawezi kufanya hivyo mpangaji akiwamo, au anakusudia kulitumia mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka 1.

Kwa hiyo kupatikana kwa mtu wa kulipa kodi kubwa zaidi si sababu. Wala kuuzwa kwa jengo si sababu. Jengo likiuzwa, mnunuzi hulipokea pamoja na wapangaji waliomo. Tena, aliyelinunua kwa muda ambao haujatimia miaka 5 hawezi kutumia ile sababu ya kutaka kulitumia mwenyewe. Baraza likiamua kwamba mpangaji atoke, mna nafasi ya kudai fidia ya jina jema la biashara na ya matengenezo aliyoyafanya kwa idhini ya mwenye jengo. Asiyeridhika na uamuzi aweza kukata rufaa ndani ya siku 30.

DENI NA MLANGO NI MAMBO MAWILI

Swali litaulizwa: je, ikiwa chama kinadaiwa kodi, mwenye jengo hawezi kufunga mlango? Jibu ni kwamba dawa ya deni ni kulipa, na sheria imempa mdai njia zake. Aweza kudai kodi yake Barazani au mahakamani. Aweza kutoa ilani ya kumaliza upangaji kwa sababu ya deni. Aweza pia, kwa Sheria ya Kushika Mali kwa Ajili ya Kodi, Sura ya 293, kumtuma dalali mwenye leseni aorodheshe mali ya mpangaji na hatimaye kuiuza kwa utaratibu uliowekwa. Katika nyumba zile za kodi ndogo, hata hilo haliruhusiwi bila idhini ya Baraza.

Lakini dalali hushika mali kwa ajili ya deni, hashiki jengo. Deni likiisha kulipwa, kazi yake imekwisha, na mpangaji bado ni mpangaji. Mwenye jengo akitia kufuli na kusema atalifungua deni likilipwa, amechanganya mambo mawili: anadai kodi, na papo hapo anamzuia mpangaji kuzitumia mali zake ili apate fedha za kulipia.

Mpangaji naye asilitumie somo hili kuwa kisingizio cha kutolipa. Mwenye deni kubwa hufika mbele ya Baraza akiwa dhaifu. Hata ugomvi ukiwapo, kodi ilipwe siku yake. Mwenye jengo akikataa kuipokea ili apate kusema kwamba haikulipwa, chama kimwandikie barua kueleza kwamba fedha ziko tayari, kizitenge kando, na kiliombe Baraza maelekezo ya mahali pa kuziweka.

DAFTARI NDIYO NGAO

Wahenga wa biashara husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni hivyo. Kwa maduka yanayolindwa, sheria inamwamuru mwenye jengo kuweka daftari la kodi na kumpa mpangaji nakala yake, ndani yake mkiwa na maelezo ya wahusika, ya jengo, ya kodi iliyolipwa na ya matengenezo yaliyofanywa. Chama kiidai nakala hiyo. Kadhalika, stakabadhi za kodi, hati za benki na kumbukumbu za malipo ya simu ziwekwe katika jalada moja, na nakala zake ziwe nje ya jengo lililopangwa. Jalada lililofungiwa ndani pamoja na mbolea haliwezi kumsaidia mtu.

Jambo la pili ni jina. Chama kilichoandikishwa ni mtu kisheria: chaweza kupanga, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Upangaji na stakabadhi ziwe kwa jina la chama, zisiwe kwa jina la mwenyekiti au meneja. Palipo na jina la mtu binafsi, mwenye jengo hupata nafasi ya kusema kwamba hakijui chama, na mtu huyo akiondoka madarakani chama hujikuta mlangoni bila karatasi.

ASUBUHI YA KUFULI

Ikiwa pamoja na hayo yote chama kimefika asubuhi na kukuta mlango umefungwa, hatua zifuatazo zafaa kufuatwa kwa mpango.

1. Wanachama wasivunje kufuli wala kupigana na walinzi. Ugomvi huo humgeuza mdai kuwa mshtakiwa, na mali ikipotea humo haitajulikana nani aliyeichukua.

2. Picha zipigwe za mlango, kufuli na vitu vilivyotolewa nje. Watu wawili au watatu walioona waandike majina yao, saa na waliyoyaona.

3. Orodha ya mali iliyomo ndani itengenezwe siku hiyohiyo kutokana na vitabu vya akiba ya bidhaa, ikiwa na bei zake. Bidhaa ziharibikazo, kama maziwa na chanjo za mifugo, zitajwe kwanza.

4. Taarifa itolewe katika kituo cha polisi na nambari yake ichukuliwe. Polisi hawaamui ni nani akae ndani, lakini taarifa ya siku ya kwanza ni ushahidi wenye uzito.

5. Barua iandikwe kwa mwenye jengo kumtaka afungue mara moja, ikieleza hasara inayopatikana kila siku.

6. Malalamiko yapelekwe Barazani kwa hati ya dharura. Sheria ya maduka inalipa Baraza uwezo wa kuchunguza malalamiko ya mwenye jengo au ya mpangaji na kutoa amri linayoona inafaa. Kwa upangaji wa mlango wa tatu, shauri hupelekwa mahakamani. Wakili akipatikana ni vyema; asipopatikana, chama kisikae kikingoja.

7. Hesabu ya hasara iendelee kuandikwa kila siku mpaka mlango ufunguliwe.

Siku ndizo zilizo na thamani hapa. Mpangaji aendaye Barazani siku ya pili hukuta mali yake ingali ndani na chumba kingali kitupu. Aendaye baada ya miezi mitatu hukuta mpangaji mwingine amekwisha panga rafu zake, na amri ya kumrudisha huwa ngumu kupatikana. Hubaki kudai fidia tu.

CHAMA KIKIWA MWENYE JENGO

Somo hili lina upande wa pili, ambao haufurahishi sana kusikiwa. Vyama vikuu na baadhi ya vyama vya msingi vina majengo yao mijini, yaliyojengwa kwa makato ya mazao ya wanachama, na humo wamo wapangaji. Katika mkutano mkuu mwanachama aweza kusimama na kusema: jengo ni letu, fundi wa nguo wa chumba cha chini hajalipa miezi mitatu, kwa nini halmashauri isimfungie? Watu hupiga makofi, na azimio hupitishwa.

Azimio la mkutano mkuu ni kubwa ndani ya chama, lakini si amri ya mahakama. Wanachama mia tano wakipiga kura ya kumfungia fundi mlango, kufuli lao ni kufuli lilelile la mwenye jengo mmoja aliyekasirika. Fundi akishinda shauri, fidia yake haitatoka mfukoni mwa aliyetoa hoja. Itatoka katika fedha za wanachama wote. Halmashauri inayojua wajibu wake itauambia mkutano ukweli huo, hata kama hautapendwa, kisha itatoa ilani kwa fomu ya sheria, itaweka daftari la kodi kwa kila mpangaji, na itakwenda Barazani kudai haki yake.

Kuna sababu nyingine pia. Ushirika ulianzishwa ili mnyonge asinyang'anywe jasho lake na mwenye nguvu. Chama kinacholilia haki ya duka lake mjini, na papo hapo kikimtupia fundi cherehani yake barabarani, kitakuwa hakikuelewa ni kwa nini kililindwa.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA VIKUNDI VYA MASOMO

1. Je, majengo yote ambayo chama kimepanga yako chini ya mlango upi kati ya ile mitatu? Upangaji umeandikwa kwa jina la nani?

2. Je, daftari la kodi lipo? Stakabadhi za miaka miwili iliyopita zaweza kupatikana leo bila kuingia katika jengo lililopangwa?

3. Ikiwa ilani ingefika leo, ingemfikia mwenyekiti baada ya siku ngapi? Nani ana wajibu wa kuhesabu tarehe?

4. Mwenye jengo amekata umeme wa jokofu la maziwa akidai nyongeza ya kodi ambayo haikutolewa ilani. Chama kifanye nini siku ya kwanza, na kifanye nini siku ya pili?

5. Chama kinamdai mpangaji wake kodi ya miezi mitatu. Kikundi kiorodheshe njia zilizoruhusiwa na sheria, kisha kieleze kwa nini kufuli halimo katika orodha hiyo.